Paa la Kuvuliwa: Kutoka Turubai la Land Rover Hadi Magari ya Spoti ya Leo



Mtu akisimama kando ya barabara kuu pale Buseresere, mahali ambapo mji wetu umeungana na Katoro hata mgeni asijue wilaya ya Chato inaishia wapi na ya Geita inaanzia wapi, ataona magari ya kila namna. Ataona malori ya mizigo yanayoelekea Bwanga na Biharamulo, mabasi ya Mwanza na Bukoba, Land Cruiser za migodini, na michomoko iliyojaa abiria ndani na magunia juu. Gari la spoti lililovuliwa paa ni nadra kuliona hapo. Hata hivyo vijana wetu wanayafahamu magari hayo kwa majina na kwa miaka, kwa sababu wanayaona kila siku katika simu zao. Nao hujiuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini gari la bei kubwa namna ile litengenezwe na paa la kuondolewa kwa mkono? La pili ni zito zaidi: kama Wazungu na Wajapani wanaweza, kwa nini fundi wetu asichukue gari la kawaida, akalikata paa, likawa la namna ile?

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa njia ya historia. Neno lenyewe ni moja tu, nalo ni hili: paa la gari si kofia ya kuzuia jua na mvua peke yake, bali katika magari mengi ni sehemu ya mifupa ya gari. Kila aliyeliondoa paa kwa akili aliirudisha nguvu yake mahali pengine. Aliyeliondoa bila kufanya hivyo alijenga mtego wa magurudumu manne.

MAGARI YALIANZA BILA PAA

Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani alipopata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, gari lake la magurudumu matatu halikuwa na paa wala kioo cha mbele. Waliofuata waliongeza turubai la kukunja, kama lile lililokuwa katika magari ya kukokotwa na farasi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu nguvu yote ya gari ilikuwa katika chesisi, ile fremu ya chuma iliyolala chini na kubeba injini, magurudumu na bodi. Bodi ilikuwa kama kitanda kilichowekwa juu ya sakafu. Ukikiondoa, sakafu inabaki imara vile vile.

Mwanzoni gari lililofunikwa lilikuwa la matajiri tu. Huko Marekani kampuni ya Hudson ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kuuza gari la Essex lililofunikwa kwa bei iliyokaribia ile ya gari la wazi, watu wakayakimbilia. Walichoka na vumbi, mvua na baridi. Lakini hata magari hayo yalikuwa na kitambaa katikati ya paa, kwa kuwa bamba moja pana la chuma la kufunika gari zima lilikuwa gumu kutengenezwa. Ni katika magari ya mwaka 1935 kampuni ya General Motors ilipoanza kuuza magari yenye paa zima la chuma.

Wakati huo huo mafundi wa Ulaya walikuwa wanaleta mabadiliko makubwa zaidi. Lancia ya Italia mwaka 1922, na Citroën ya Ufaransa mwaka 1934, zilitengeneza magari yasiyo na chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe, yaani sakafu na kuta zake, ikawa ndiyo fremu. Gari likawa jepesi na la chini. Magari mengi madogo tunayoyaona leo, yakiwemo yale ya michomoko, yamejengwa kwa njia hiyo. Katika gari lililofunikwa la namna hii paa nalo lilipewa kazi ambayo halikuwa nayo zamani.

Mwanafunzi anayetaka kuielewa kazi hiyo achukue boksi la viatu. Alifunge kifuniko chake kwa gundi, kisha ashike ncha mbili na kujaribu kulisokota. Ataona linakataa. Sasa akiondoe kifuniko na kujaribu tena. Boksi litasokoteka kama kitambaa cha kukamulia maji. Gari linapopita kwenye shimo gurudumu moja likiwa chini na jingine juu, ndivyo linavyosokotwa. Paa ndilo kifuniko cha boksi.

LAND ROVER NA TURUBAI LAKE

Katika nchi zetu paa la kuvuliwa halikuja na gari la spoti. Lilikuja na gari la kazi. Tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover ya kwanza. Chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa mabamba ya alumini. Lakini chini yake palikuwa na chesisi ya chuma yenye nguvu. Juu yake liliwekwa turubai lililotandazwa juu ya mabomba yaliyopindwa. Mwenye gari aliweza kulivua turubai, kuyafungua mabomba, na hata kukilaza kioo cha mbele juu ya boneti. Aliyetaka paa gumu alifungiwa la alumini kwa nati na bolti. Kwa nchi za joto lilitengenezwa pia paa la tabaka mbili, ili hewa ipite katikati na kupunguza ukali wa jua.

Gari hilo lilienea Tanganyika nzima mikononi mwa serikali, misheni, vyama vya ushirika na makampuni ya migodi. Wazee wetu wanaoikumbuka barabara ya Geita na Biharamulo kabla ya lami wanalijua turubai hilo vizuri. Kiangazi lilivuliwa ili watu wapate hewa, wakafika wakiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Masika lilirudishwa, na maji yakaingia pembeni vile vile. Lakini gari lenyewe halikulegea, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa chini, katika chesisi. Kuvua paa hakukuligusa.

Hata hivyo turubai lilikuwa na kasoro moja ambayo chesisi haikuweza kuiponya. Gari likipinduka, turubai na mabomba yake membamba havikulinda kichwa cha mtu. Hapa tutenge mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi: kuna nguvu ya gari kutosokoteka, na kuna nguvu ya kulinda vichwa vya waliomo. Land Rover ya turubai ilikuwa na ya kwanza, ikakosa ya pili. Tuyashike hayo mawili, kwani ndiyo yatakayotuongoza mpaka mwisho.

KUONEKANA NA KUONA

Kwa nini basi watu waliendelea kulitaka gari la wazi hata baada ya paa la chuma kuwa rahisi? Wengine ni kwa ajili ya hewa na raha. Viongozi ni kwa ajili ya kuonekana. Katika sherehe zetu za kitaifa tumezoea kumwona Rais akizunguka uwanja amesimama katika gari la wazi la jeshi. Nasi wa kanda hii tunamkumbuka hayati Rais John Magufuli, mwana wa Chato, alivyokuwa akiibuka katika uwazi wa paa la gari lake, kipaza sauti mkononi, akazungumza na wananchi waliojipanga barabarani.

Lakini gharama ya kuonekana inaweza kuwa kubwa. Rais John Kennedy wa Marekani alikuwa na gari la Lincoln Continental lililotengenezewa mapaa ya kuvuliwa, mojawapo likiwa la plastiki angavu. Tarehe 22 Novemba 1963 mjini Dallas mvua ilikatika, paa lile halikufungwa, naye akapigwa risasi akiwa katika gari la wazi. Plastiki ile haikuwa ya kuzuia risasi, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba ingemwokoa. Ila baada ya hapo gari hilo lilitengenezwa upya na kurudi kazini likiwa na paa la kudumu la kinga.

Wengine hulitaka gari la wazi ili waone. Hao ni watalii. Kenya ilijulikana kwa magari madogo ya abiria yaliyokatwa paa na kuwekewa kifuniko cha kuinuliwa. Arusha mafundi wamefanya hivyo hivyo kwa Land Rover na Land Cruiser, wakazirefusha na kuzifungulia paa ili mgeni asimame na kupiga picha za simba wa Serengeti. Huu ni ufundi wa hapa nyumbani, nao haupungui heshima kwa ule wa ng'ambo. Lakini tuangalie wanavyofanya. Land Cruiser ya watalii ina chesisi, kwa hiyo haitegemei paa ili isisokoteke. Na fundi mwenye kuijua kazi yake haachi ukingo wa uwazi ukiwa bati tupu; huuzungushia chuma na kuuunganisha na nguzo za gari. Anakata kwa mkono mmoja, anarudisha kwa mkono mwingine.

MAGARI YA SPOTI YATAFUTA DAWA

Afrika Mashariki ililifahamu gari la spoti hasa kwa njia ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Gari hilo lilikuwa na paa la chuma lisilotoka, na kwa barabara zile paa hilo halikuwa pambo.

Lakini wanunuzi wa magari ya spoti hawakuwa wote watu wa mashindano. Wengi walitaka upepo. Shida ilikuwa kwamba paa zima likiondolewa gari linalegea, na likipinduka hakuna kinga. Majibu yalikuja moja baada ya jingine.

Mmarekani Gordon Buehrig, aliyekuwa mchoraji maarufu wa magari, alibuni paa lenye mhimili wa katikati kutoka juu ya kioo cha mbele hadi nyuma, na kila upande kipande cha kuvuliwa. Alipata hataza yake mwaka 1951. Mtu akilitazama kutoka juu ataona umbo la herufi T. Gari alilolikusudia halikuingia sokoni, lakini wazo likabaki.

Mwaka 1961 Triumph ya Uingereza ilitoa TR4. Aliyetaka aliweza kuinunua ikiwa na kioo cha nyuma kilichofungwa imara, na kati yake na kioo cha mbele bamba gumu la kuvuliwa. Bamba hilo halikuwa na mahali pa kuwekwa ndani ya gari. Mwenye gari aliliacha nyumbani, na mvua ikimkuta njiani alitandaza kipande cha turubai alichopewa kwa ajili hiyo. Mpaka leo swali la pili la kila paa la kuvuliwa ni hilo hilo: ukishalivua utaliweka wapi?

Septemba 1965, katika maonyesho ya Frankfurt, Porsche ilionyesha 911 Targa. Siku zile watengenezaji walihofu kwamba Marekani ingepiga marufuku magari ya wazi kwa sababu za usalama. Porsche ikaweka nyuma ya viti upinde mpana wa chuma, upana wake kama sentimita 20, na kati yake na kioo cha mbele ikaweka paa la kuvuliwa. Gari likipinduka upinde ndio unaobeba uzito, si shingo ya dereva. Jina lilitoka katika mashindano ya Targa Florio ya kisiwa cha Sicily, nalo limekuwa jina la paa lolote la namna hiyo duniani, kama vile wengi wetu tunavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Chevrolet Corvette ya mwaka 1968 ilitakiwa kuwa na paa la kipande kimoja, lakini gari lilionekana kusokoteka mno. Wahandisi wakaurudia mhimili wa katikati, wakaacha vipande viwili vya kuvuliwa. Mtindo huo wa T ulipendwa sana Marekani, nao ukafika hata katika ukoo wa lile Datsun la Safari: Datsun 280ZX ilianza kutolewa na paa la namna hiyo mwaka 1980.

Corvette ya mwaka 1984 iliuacha mhimili huo na kuwa na bamba moja lililofungwa kwa bolti; bila spana halikutoka. Ili kufidia, kingo za chini ya milango zilifanywa pana na za juu, mpaka kuingia garini kukawa kazi. Msomaji aone tena lile neno letu: nguvu iliyotoka juu imehamia chini.

Fiat ya Italia ndiyo iliyojibu vizuri swali la mahali pa kuliweka. Gari lake la X1/9 la mwaka 1972 lilikuwa na injini katikati, kwa hiyo paa gumu lililovuliwa lililazwa katika buti la mbele na bado pakabaki nafasi ya mzigo.

Mapaa ya herufi T hatimaye yalififia. Yalikuwa na mipira mingi ya kuziba, na mpira ukichakaa maji huingia. Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird za mwaka 2002 zilikuwa miongoni mwa magari ya mwisho kuuzwa nayo.

MNUNUZI WA LEO ANACHAGUA NINI

Siku hizi anayenunua gari la spoti lenye paa la kuvuliwa anaweza kuchagua kwa namna tatu.

Kwanza, lipo paa la kuvuliwa kwa mkono. Corvette iliyoanza na mwaka 2020, ambayo injini yake iko katikati, huja na bamba la namna hii bila nyongeza ya bei. Mnunuzi akitaka huchagua bamba angavu linalopitisha mwanga, au la faiba ya kaboni inayoonekana nyuzi zake. Hufungwa kwa vibano vya mkono bila spana, na likivuliwa hulazwa katika buti la nyuma, ambalo basi halibebi tena mizigo mingi. Uti wa mgongo wa gari hilo ni mfereji wa alumini unaopita katikati ya sakafu.

Pili, lipo paa linalojivua lenyewe kwa mota. Porsche ilirudisha upinde wa Targa mwaka 2014, lakini sasa kioo kikubwa cha nyuma huinuka, paa likajikunja chini yake, kwa muda wa kama sekunde 20 na gari likiwa limesimama. Mazda MX-5 RF, iliyoonyeshwa mwaka 2016, huchukua sekunde 13, na huweza kufanya hivyo gari likienda polepole, chini ya kilomita 10 kwa saa. Raha ni kubwa, lakini mota na bawaba huongeza uzito, bei na vitu vya kuharibika.

Tatu, yapo magari yaliyokwisha kupata nguvu zote chini, hata paa halina kazi ya kubeba. Porsche Carrera GT, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, ilikuwa na mwili wa faiba ya kaboni na vipande viwili vyepesi vya paa vilivyolazwa mbele. Kwa upande wa magari ya kazi na porini, Jeep Wrangler na Ford Bronco ya mwaka 2021 huvuliwa paa vipande vipande; lakini yana chesisi, na mabomba ya kinga hubaki juu ya vichwa. Hapo ni Land Rover ya wazee wetu iliyoongezewa kile ilichokikosa.

FUNZO KWETU

Sasa turudi kwa fundi wetu. Buseresere na Katoro ni miji ya watu wa kazi. Dhahabu imeleta fedha, fedha imeleta magari, na magari yameleta mafundi hodari wa kuchomelea ambao hawashindwi kutengeneza karibu chochote. Hodari huyu akiletewa Corolla au IST, akaambiwa alikate paa, ajue kwamba gari hilo halina chesisi ya peke yake. Akilikata atakuwa ameondoa kifuniko cha boksi. Atasikia kwanza milango inakataa kufunga. Gari likiwekwa jeki atauona mwanya. Kioo cha mbele kitapasuka bila kupigwa jiwe. Na siku litakapopinduka hakutakuwa na upinde wa kumlinda yeyote.

Viwanda vinapotengeneza aina ya wazi ya gari lililofunikwa huongeza vyuma sakafuni, chini ya milango, na katika nguzo za kioo cha mbele. Ndiyo maana mara nyingi gari lisilo na paa ni zito kuliko ndugu yake mwenye paa. Mtu asiyejua atashangaa; aliyesokota boksi la viatu hatashangaa.

Neno hili linawahusu pia wale wanaopanda nyuma ya pikapu kwenda machimboni au mnadani, wamesimama na kushika bomba. Pikapu ina chesisi, haitasokoteka. Lakini lile jambo la pili, kinga ya vichwa, hawanalo. Hawana upinde, hawana mkanda, wala hawana hata lile turubai. Tahadhari kabla ya hatari, ndivyo walivyosema wahenga, na barabara ya lami inayoruhusu mwendo wa kasi imeufanya usemi huo kuwa na uzito zaidi kuliko siku za vumbi.

Nawaomba walimu wa fizikia walijaribu lile boksi darasani, kwa kuwa halina gharama. Wanafunzi wanaokusudia kwenda VETA au vyuo vya uhandisi walijaribu kwa njia nyingi: waache mhimili katikati kama Buehrig, waweke upinde nyuma kama Porsche, waongeze kadibodi katika kingo za chini kama Corvette ya mwaka 1984, kisha wapime ni lipi linasokoteka kidogo zaidi. Watakuwa wanafanya kazi ile ile iliyofanywa na wahandisi wa viwanda vikubwa. Na siku mmoja wao atakapofungua karakana yake hapa kwetu, mteja akaja na kumwambia, "Fundi, nikatie paa hili," atakuwa na swali la kumuuliza kabla ya kushika msumeno: nguvu yake tunaihamishia wapi?